Acheni kuwapelekea watu wa Korbesa skrini nyeusi

Leo sisifii toleo jipya la chochote. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na sisi tunaojiita watu wa Linux: tunaoandika mafunzo ya kusakinisha, na tunaobeba kompyuta za msaada kwenda vijijini huku tukipigwa picha.

Kwa wasioijua, Korbesa iko upande wa Merti, kaunti ya Isiolo, karibu na mto Ewaso Nyiro. Ni nchi ya wafugaji, Waborana wengi. Ile barabara nzuri ya lami ya kutoka Isiolo kwenda Moyale haipiti huko. Unaachana na lami na kuanza kula vumbi, na mvua ikinyesha sawasawa unaweza usifike. Siyasemi haya ili mtu aonewe huruma. Nayasema kwa sababu anayeandika "pakua tu kifurushi hiki" kwa kawaida amekaa Nairobi na waya wa faiba nyuma ya kiti, na hajawahi kujiuliza hicho kifurushi kitafikaje kule.

Mwalimu mmoja wa huko alinipigia simu. Walipata kompyuta za mezani za msaada, zile za ofisini zilizostaafu Ulaya. Waliozileta (siwataji, na wala si wao peke yao wenye tabia hii) walikuwa wamezisakinishia Debian kwa njia ya mkato: mfumo wa msingi tu, bila mazingira ya picha. Unawasha, unapata maandishi meupe kwenye weusi yanayokuomba jina na nywila, basi. Ya kumalizia waliacha karatasi moja iliyochapishwa kutoka mtandaoni. Mwalimu akaifuata neno kwa neno. Mashine mbili zikaleta picha. Zilizobaki zikawa na skrini nyeusi na kijimstari kinachopepesa pembeni. Vijana wakakata shauri kwamba Linux ni mbovu, na tayari alikuwepo mtu wa mjini aliyeahidi kuja kuwawekea Windows ya wizi, analipwa kwa kila mashine.

Nikamwomba mwalimu anisomee ile karatasi. Ilikuwa na hatua nne, na hatua zote nne nimeziona katika mafunzo yasiyohesabika, ya Kiingereza na ya Kiswahili, yanayozungushwa hadi leo. Tuzipitie.

Hatua ya kwanza: sudo apt install xorg xfce4. Mstari mmoja mtamu. Nyuma ya huo mstari kuna vifurushi mamia na megabaiti mamia, na hiyo ni kwa kila mashine, kwa bando la simu ya mwalimu, kutoka mfukoni mwake. Ikikatika katikati kwa sababu betri ya sola imeisha, unabaki na mfumo uliosakinishwa nusu, na karatasi haisemi lolote kuhusu dpkg --configure -a. Najua kuna atakayedakia kwamba Starlink iko Kenya tangu Julai 2023. Sawa, nenda kawalipie kila mwezi, halafu urudi tuongee.

Kinachoniuma ni kwamba Debian wenyewe walishalimaliza hili tatizo zamani. Mbali na ile picha ndogo ya kusakinishia inayotegemea mtandao, wanatoa DVD-1, kama gigabaiti 4 hivi, na mazingira ya picha yamo humo humo. Unaipakua mara moja ukiwa mjini, unaiweka kwenye flashi ya gigabaiti 8, na unasakinisha mashine hamsini bila kugusa bando la mtu. Huyo aliyebeba mashine kutoka Nairobi hadi Merti alishindwa kubeba flashi?

Hatua ya pili na ya tatu zinakwenda pamoja, na hapa ndipo karatasi ilipoua mashine. Inasema: endesha X -configure, halafu nakili faili lililotoka uliweke /etc/X11/xorg.conf. Kwa bahati mbaya mwalimu ni mtu mwerevu. Baada ya kulipata faili kwenye mashine ya kwanza na kuona picha imekuja, akaona hakuna haja ya kurudia; akalinakili kwa flashi kwenye mashine zote. Mashine ya kwanza ilikuwa na kadi ya ATI Radeon. Nyingi za zilizobaki zilikuwa za Intel. Faili likaiambia Xorg "tumia draiva ya radeon", Xorg ikatii, ikatafuta radeon kwenye mashine isiyo na radeon, ikaandika kwenye kumbukumbu zake (EE) no screens found na kujizimia. Ilifanya kile hasa ilichoambiwa.

Hili faili lina historia, ngoja niseme kidogo. X ilianzia chuo cha MIT mwaka 1984, na toleo la 11, hili tunaloliita X11, lilitoka 1987. Kwenye kompyuta za kawaida wengi tuliijua kupitia XFree86 katika miaka ya 1990, na enzi hizo hapakuwa na mzaha: ulitakiwa kuiandikia kwa mkono kadi ni ipi, kipanya ni cha aina gani, na skrini yako inavumilia masafa gani ya mlalo na ya wima. Ukikosea, zile televisheni nzito za kioo ziliweza hata kuharibika. Mwaka 2004 XFree86 walibadilisha leseni, watu wakakasirika, karibu kila mtu akahamia X.Org. Na kuanzia 2007, 2008 hivi, Xorg ikaanza kujitambulia vifaa yenyewe. Kwa mashine ya kawaida yenye skrini moja, faili zuri la xorg.conf ni lile ambalo halipo.

Hiyo ni karibu miaka 20. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana kitambulisho. Na bado mafunzo yanaandikwa, mengine mwaka huu huu, yanayomwambia mtu aunde xorg.conf kabla hata ya kujua kama kuna tatizo. Kwa nini? Kwa sababu mwandishi amenakili kwa mwingine aliyenakili kwa mwingine aliyekuwa na tatizo la kweli mwaka 2005. Hakuna aliyejaribu. (Ndugu zangu mnaoandika mafunzo mkiwa mmeegemea dpkg-reconfigure xserver-xorg: siku hizi ile amri haikuulizi hata swali moja kuhusu skrini. Ijaribuni muone.)

Hatua ya nne ndiyo inayonichosha zaidi: "ikikataa, weka nomodeset." Ah, nomodeset! Panadol ya Linux. Kichwa, tumbo, malaria, weka nomodeset. Sasa tuelewane inafanya nini. Zamani Xorg ndiyo iliyokuwa inashika kadi ya picha moja kwa moja na kuamua skrini iwe na pikseli ngapi. Mwaka 2009, kuanzia kerneli 2.6.29, kazi hiyo ikaanza kuhamia ndani ya kerneli, kwanza kwa Intel, kisha Radeon, kisha nouveau kwa kadi za NVIDIA. Neno nomodeset linaiambia kerneli iache hiyo kazi. Ikiiacha, draiva halisi ya kadi haifanyi kazi, na unabaki na mchoro wa dharura ambapo kila pikseli inachorwa na prosesa. Ndiyo, picha itatokea. Lakini dirisha ukilivuta linakuja kwa awamu, video inakatakata, ukubwa wa skrini si wake, na prosesa inahema muda wote. Kwenye mashine ya Core 2 Duo hiyo ni adhabu. Halafu mtu anasema Linux ni nzito. Si nzito, umeifunga miguu!

nomodeset ni ya kuingilia ndani mara moja uone kilichoharibika, ukirekebishe, uiondoe. Karatasi ya Korbesa iliiweka kwenye /etc/default/grub, ya kudumu. Zile mashine mbili zilizokuwa "zimekubali"? Moja ilikuwa inatambaa kwa sababu hiyo.

Kwa simu tulifanya hivi, na ilichukua chini ya saa moja kwa mashine zote: Ctrl+Alt+F3 kupata teminali, kulifuta lile faili la xorg.conf, kuitoa nomodeset kwenye grub, update-grub, kuwasha upya. Zilizobaki nazo zikaleta picha, isipokuwa moja ya kadi ya VIA, ambayo ni mkosi wa peke yake. Draiva yake ya kisasa haijawahi kuingizwa kwenye kerneli rasmi na sishauri mtu apoteze siku nayo. Waitumie kwa vipuri.

Tazama sasa. Mwalimu hakukosea popote. Alipewa maagizo, akayafuata. Alichonyimwa ni uelewa wa nini kinakaa juu ya nini, na hicho ndicho sisi hatupendi kukiandika kwa sababu hakinakiliki kwa mstari mmoja. Wale mliowahi kuona visima virefu vya Waborana mnajua watu wanavyosimama kwa ngazi, mmoja chini kabisa kwenye maji, mwingine juu yake, mwingine juu yake, ndoo inapita mkono kwa mkono hadi ng'ombe anakunywa. Skrini ya Linux ni hivyo hivyo. Chini kabisa ni kadi. Juu yake kerneli na draiva yake. Kisha Mesa, inayojua kuchora kwa haraka. Kisha Xorg au Wayland. Kisha Xfce, na juu kabisa ni wewe na kipanya chako. Ndoo isipofika juu, hakuna maana ya kumpigia kelele aliye juu. Unashuka, ngazi kwa ngazi, unauliza nani hajapokea.

Na kushuka kwenyewe hakuhitaji shahada. lspci -k inakuonyesha kadi ni ipi na kerneli imeishikisha draiva gani. ls /dev/dri inakuambia kama kerneli imeikubali. Usipoona card0 au card1 pale, tatizo liko chini na Xorg haina hatia. Ukiiona, basi tafuta mistari yenye (EE) ndani ya /var/log/Xorg.0.log. Amri tatu. Hizo ndizo zilizostahili kuwa kwenye ile karatasi, na nafasi ya kubaki ingekuwepo ya kuandika namba ya simu.

Kuna ngazi moja ambayo mafunzo hayaitaji kabisa, waya. Skrini za siku hizi huiambia kompyuta zenyewe vipimo vyake kupitia waya ule ule wa picha. Kwenye waya wa VGA kazi hiyo inapita kwenye pini ya 12 na ya 15. Waya nyingi za zamani au za bei ya kutupa hazina hizo pini, au zimevunjika kwenye safari ya lori. Kompyuta isipoambiwa kitu inakisia 1024 kwa 768, na skrini ya 1280 kwa 1024 inaonyesha maandishi yenye ukungu. Mtu atahangaika na draiva siku nzima. Badilisha waya kwanza! Huna mwingine? Ongeza video=VGA-1:1280x1024 kwenye mstari wa kerneli (jina la tundu unalithibitisha kwa xrandr) na maisha yanaendelea.

Na zile Radeon. Kadi nyingi za AMD zinahitaji fimwea, yaani vijifaili ambavyo draiva huvipakia ndani ya kadi kabla haijaanza kazi. Bila hivyo kadi ama inachora kivivu ama inakataa. Debian kwa miaka mingi haikuviweka kwenye diski zake rasmi kwa sababu si programu huria. Nawaheshimu kwa msimamo, lakini bei ya msimamo huo ililipwa na watu wasio na intaneti, maana ukiwa na intaneti ulivipakua kwa dakika moja. Oktoba 2022 wakapiga kura, na tangu Debian 12, Juni 2023, vimo kwenye diski. Kwa hiyo mtu anayekwenda kijijini leo na diski ya Debian 10 aliyoikuta kwenye droo anafanya kosa ambalo wenye Debian wenyewe walishaliacha.

Najua kuna wanaosubiri niseme kitu kuhusu Wayland, maana ndiyo vita ya mjini. Kwa ufupi: Kristian Høgsberg aliianza 2008, Fedora wakaifanya chaguo la kwanza 2016, na mwaka 2025 mambo yakachemka. Mwezi Mei Red Hat walitoa RHEL 10 bila seva ya Xorg, Oktoba Ubuntu 25.10 ikaondoa kikao cha GNOME kinachotumia Xorg, na katikati ya hayo, Juni, waliokasirika wakajitenga na kuanzisha XLibre. Kila upande una matusi yake. Mimi nasema hivi: mkiwa na nafasi ya kubishana, hongereni. Kwa mashine yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu na Intel ya mwaka 2008, Xfce juu ya Xorg kwenye Debian 13 inafanya kazi leo, na Debian 13 ina masasisho ya usalama hadi 2028, na ya muda mrefu hadi 2030. Kufikia wakati huo mashine yenyewe itakuwa imechoka. Msimwingize mwalimu wa Korbesa kwenye ugomvi wenu.

Kuna hoja moja ya upande wa X inayosikika nzuri: kwamba X inapita kwenye mtandao, kwa hiyo shule inaweza kuwa na mashine moja yenye nguvu na nyingine dhaifu zikachorewa kutoka kwayo. Ni kweli, X iliundwa hivyo tangu mwanzo (ndiyo maana kwenye X "seva" ni ile iliyo mezani mwako, jambo lililowachanganya wanafunzi wa kompyuta kizazi baada ya kizazi). Mradi wa LTSP ulianza 1999 na kuhudumia shule nyingi kwa njia hiyo. Lakini LTSP wenyewe waliuandika upya mfumo wao mwaka 2019, na sasa mashine za wanafunzi zinawashwa kupitia mtandao na kufanya kazi kwa prosesa zake zenyewe. Kwa hiyo hata hoja hiyo imepungua makali.

Mashine za biti 32 je? Zikataeni. Debian 13 haina tena kisakinishi chake. Debian 12 bado inazikubali, na ina masasisho ya muda mrefu hadi Juni 2028, lakini Pentium 4 inakula umeme wa sola kama fahali na kurudisha kazi ya mbuzi. Anayempa shule Pentium 4 mwaka huu anatafuta mahali pa kutupia taka.

"Si muwawekee Windows tu?" Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye uzito. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 na prosesa ambazo kompyuta nyingi za ofisini za kabla ya 2018 hazina. Maana yake ni kwamba makampuni ya Ulaya na ya Nairobi yanatoa mashine nzima kabisa, zenye i5 na gigabaiti 8, ambazo kwa Linux ni farasi. Zinakuja. Nyingine zitafika Merti, Garbatulla, Sericho, Marsabit. Hii ni nafasi ambayo hatujaipata tangu nianze kugusa kibodi. Na tukizipeleka na karatasi ile ile ya hatua nne, kizazi kizima cha vijana wa kaskazini kitaijua Linux kama ile kitu ya skrini nyeusi, na kitamlipa mtu wa Windows ya wizi yenye virusi ndani.

Na lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa Kiswahili, na tulishangilia. Kazi nzuri ile, sina neno. Lakini menyu za Kiswahili anaziona aliyefika kwenye menyu. Aliyekwama kwenye no screens found hana mtu wa kumweleza kwa lugha yake kwamba hiyo si laana, ni faili moja la kufuta. Huko ndiko kalamu zetu zinakohitajika, siyo kwenye orodha ya kumi bora ya mandhari za GNOME.

Kwa hiyo ninaomba mawili tu, na ninaomba kwa ukali. Unayepeleka mashine: iwashe kila moja ukiwa mjini, na skrini yake, na waya wake, hadi picha ije kwa ukubwa wake halisi bila nomodeset, kisha uende nayo na flashi ya DVD-1 uiache huko huko. Na wewe uliyeandika mafunzo: nenda leo kayasome ya kwako. Yakianza na X -configure, yafute. Ukishindwa kuyafuta, andika juu kabisa kwa herufi kubwa mwaka uliyoyaandika na toleo uliyojaribia, ili mtu mwenye bando la mwisho asilimalizie kwako.